Kijito cha Uzi

Bomba la mtaani kwetu lilitoa maji ya rangi ya chai. Shangazi yangu, mfumaji wa vitambaa vya makochi, alikuwa amepigwa danadana na idara ya maji mpaka akachoka. Akafuma kijito cha uzi wa buluu, akakifunga bombani. Majirani wakaongeza vipande vyao, kikateremka ngazi, kikapita sokoni, kikafika mlangoni pa idara. Upepo ukivuma, kilikuwa kama kinatiririka.

Meneja wa idara alipofika na kumkuta shangazi amesimama mlangoni, alisita, akavua viatu.

“Mama, nivukie wapi?”

“Usivuke, baba. Kifuate hadi kinapoanzia.”

Alikifuata peku, taratibu, kama yuko ndotoni. Bombani akakinga kiganja, akaonja, akatema.

Wiki hiyohiyo mafundi walikuja kung'oa mabomba yenye kutu, na shangazi akawapikia uji.