Taa za Breki

Alasiri moja mjukuu wa kike aliketi kwenye meza ya chakula akilehemu waya za taa za nyuma katika lori dogo la rimoti. Alikuwa amelitengeneza mwenyewe kwa kufuata picha ya lori alilokuwa akiendesha marehemu baba yake, hata pale rangi ilipobambuka mlangoni. Babu yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, alimshikia tochi ingawa jua lilikuwa bado linawaka, kwa kuwa hakupenda kazi ya kubahatisha.

"Mguu mrefu wa taa ni chanya," babu alionya. "Usije ukachanganya."

"Mume wangu, hilo si nilikufundisha mimi juzi?" mjukuu alimtania.

"Mke mwenye mdomo kama huu nilimposa wapi?"

Spika ya lori mjukuu aliifunga ndani ya tangi lake la mafuta na kuziba nyufa kwa gundi, maana spika isiyo na kisanduku hulia kama nzi aliyenaswa chupani. Sauti ya injini alikuwa bado hajaitia. Alikusudia kuitia kesho yake. Alipowasha rimoti ili ajaribu taa, lori lilikohoa, likanguruma, kisha likapiga honi mbili fupi.

Honi mbili ndizo alizokuwa akipiga baba yake kila alipokata kona ya nyumbani, ili chai ibandikwe. Babu akaenda kubandika chai.

Aliporudi alikuta lori linazunguka sebuleni. Taa za mbele ziliwaka, indiketa zilikonyeza, kila kitu barabara. Taa za breki peke yake zilikataa. Mjukuu akapima waya, akakuta umeme unafika. Akabadilisha taa, mambo yakawa yale yale. Ndipo spika iliposema, kwa sauti ya baba yake:

"Breki hamna. Nilimwambia meneja tangu Jumatatu, akasema peleka hivyo hivyo, tutaangalia ukirudi." Mguu ulisikika ukikanyaga pedali, tena na tena. "Kuna watu wanavuka mbele. Naliingiza mtaroni."

Injini ikazimika. Chai ilikuwa inachemka.

Taarifa ya kampuni kuhusu ajali iliyomuua ilisema kwamba dereva alisinzia. Picha yake ilitundikwa kwenye lango la yadi, na chini yake pakaandikwa: USINGIZI HUUA. Babu, ambaye miaka yote ya kazi hakuwahi kuchelewa kipindi, aliiamini taarifa kwa kuwa ilikuwa na mhuri, na tangu siku hiyo hakulitaja tena jina la mwanawe.

"Hakulala," alisema sasa.

"Hakulala, babu."

"Mungu ashukuriwe." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nawe ushukuriwe, mke wangu. Mikono yako imenirudishia mtoto."

Siku ya pili meneja aliitwa, naye akaja bila ajizi. Alipiga goti kwenye zulia na kusikiliza mpaka mwisho.

"Ndiye," alikiri. "Hata kikohozi cha lori ndicho. Na maneno yale niliyasema kweli." Akamalizia chai yake. "Ila taarifa imeshafungwa, mzee wangu. Halafu ile picha inawasaidia sana madereva vijana."

Akaaga kwa heshima zote. Lori lilirudi nyuma kidogo, likampisha mlangoni.

Wahenga walisema ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Uongo huu haukujitenga. Ulibaki langoni, na mvua zilipoanza ukafunikwa kioo. Babu naye alitoa sandukuni picha nyingine ya mwanawe, akaipangusa vumbi na kuitundika sebuleni mahali ambapo kila mgeni angeiona.

Mjukuu aliposhika pasi ya kulehemu ili afumue waya za nyuma na kuzifunga upya, babu alimzuia.

"Hizo usiziguse. Katika lori zima, hizo ndizo zilizosema kweli kwanza."

"Litasimamaje, basi?"

"Tutalisimamisha."

Tangu hapo, kila jioni honi mbili zinapolia, babu hubandika chai. Kisha huketi, akanyoosha mguu wake wenye ndara mbele ya lori, kwa kuwa lori lisilo na breki halina budi kusimamishwa na mtu. Huja kwa kasi, hugusa ndara, hutulia.

"Pole na safari, mwanangu," humwambia. "Ahsante kwa kufika."

Taa za breki haziwaki.