Watoto Tuliowazika kwa Mdomo

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Siku ya soko pale Mpondwe, Alisi alipita mbele yako na binti yake mgongoni, taya la mtoto limevimba kama ameficha embe shavuni, meno yanalegea, nawe ukainama ghafla kuchagua samaki wakavu ambao hukuwanunua. Nilikuwa palepale, na kichwa changu hakisahau.

Alisi hakukungoja. Alipanda treni Kasese na Musoki wake wa miaka sita mpaka hospitali ya watoto kule Kampala, ambako madaktari walikuwa wanaipima dawa mpya ya uvimbe ule. Walimweleza bila kumficha: watoto ni makundi mawili, hawa sindano moja, wale sita, ili ijulikane njia ipi inaponya zaidi. Hakuna anayechagua, inafunguliwa bahasha, nayo ndiyo inayosema. Alisi aliuliza maswali mpaka sista akavuta kiti akakaa. Kisha akaweka dole gumba. Bahasha ikasema sita.

Sindano ya kwanza, taya likanywea kwa siku tano. Ya tatu, mtoto akawa anatafuna mahindi ya kuchoma. Wakarudi nyumbani kupumzika, na tarehe ya sindano ya nne ikamkuta Alisi juu mlimani, kijiji cha Mahango, akimuuguza mama yake, mvua imekata njia. Mtoto si amepona, watu wakamwambia, haraka ya nini?

Hospitali ikamtuma mtumishi wake, Mugenyi, na Landrova kumtafuta. Na hapo ndipo kosa langu linapoingia.

Mwaka wa sitini na tatu, magari kama lile yalipoleta askari kuwasaka wanaume wetu, mimi Tefiro nilipita nyumba kwa nyumba Bwera nikifundisha jibu moja: gari la serikali likiuliza mtu, mtu huyo amekufa. Jibu lile lilituokoa. Lakini miaka sita ikapita, sikurudi hata mlango mmoja kusema basi, inatosha.

"Musoki, mutoto ya Alisi, iko wapi?" Mugenyi akauliza pale madukani.

"Alikufa, afande," wakajibu watu wanne pamoja.

"Lini?"

"Tulishazika. Hata matanga tulimaliza."

Akavua kofia, akaandika, akaondoka. Tukacheka tukashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote.

Siku mbili baadaye Alisi akashuka na mtoto wake. Martine, muuza vitenge aliyekimbia vita vya Beni kule Kongo, alimwita Musoki, akampapasa shingo, kisha akanigeukia.

"Tefiro, wewe mutu mukubwa, lakini uko na kichwa ya kuku. Weka kidole hapa."

Nikaweka. Chini ya sikio palikuwa na kitu kigumu, kidogo kama punje ya haragwe.

"Ule monsieur hakukuwa askari," Martine akasema. "Alileta uzima, nyinyi mukamupa kaburi."

Alisi hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Umemzika mtoto wangu kwa mdomo," akaniambia. "Sasa mufufue."

Mugenyi alikuwa Katunguru akimtafuta mtoto mwingine. Tukadandia lori la samaki lililokuwa linarudi tupu, tukamkuta karibu na daraja anakula ugali. Akamtazama mtoto, akatazama daftari lake.

"Mama, huyu amekufa. Nimeandika kwa wino, na ripoti imekwenda."

"Musoki, muamkie muzee."

"Jambo, muzee," Musoki akasema. "Unakula peke yako?"

Mugenyi akacheka, kisha cheko likamkauka. "Bwana, munajua mulifanya nini? Kule wanahesabu. Mutoto akifa baada ya sindano tatu, lawama inaangukia dawa. Mumeishitaki dawa inayoponya, na ushahidi wenyewe ni uongo."

Miaka yote nimepiga kelele kwamba wakubwa wanaandika uongo juu yetu. Ule tuliwaandikisha sisi.

"Kata hilo neno," nikamwambia.

"Wewe si mutu wa kuniamuru."

"Atakata daktari akimuona," Alisi akasema. Alikwisha kufungua mlango wa gari na kumketisha Musoki ndani. "Twende. Ugali utakula njiani."

Mugenyi akafunga ugali wake kwenye jani.

Sindano ya nne ilichelewa, lakini ilichomwa. Ya tano na ya sita zikafuata, na ile punje ikayeyuka. Daktari akakata neno la kifo, akaandika kwamba yu hai. Alisi alimfanya karani amsomee mara mbili. Leo Musoki anapigana na wavulana kisimani, na anawashinda.

Sasa sikiliza. Kwenye ukurasa ule wa daftari la Mugenyi niliona watoto wengine sita wa upande wetu, kila mmoja ameandikiwa kifo. Nimewafuata kwa miguu. Mmoja alikufa kweli, nasi tumlilie. Watatu niliwakuta wanacheza, wameshapelekwa. Wawili bado sijawapata: Maate, mtoto wa Kosmasi fundi baiskeli, na binti wa Syahuka anayelima pamba Karusandara. Mama zao wamehama, na wewe unajua walikohamia.

Landrova itasimama mbele ya ofisi ya gombolola ya Bwera Jumatatu asubuhi. Inuka sasa hivi, uende kwa mama hao. Mlete mtoto kwa jina lake, na la baba yake, na la kilima chake, na Mugenyi akikuuliza, msogeze mbele umwambie: yuko hai, huyu hapa, mpeleke akachomwe sindano yake.