Mtoto Usimfiche Jina Lake

Eustadia wa Kimironko alikuwa na maonyo mengi kuliko vitenge alivyouza sokoni, na asubuhi ya safari ya Mpanda aliyamwaga yote juu ya binti yake. Usitoe kichwa dirishani. Usile vya njiani. Treni ikisimama, usishuke. La mwisho alilisema kwa sauti ya chini, basi likiwa bado halijatoka stendi ya Nyabugogo, Kigali.

"Na mtu akikuuliza kule, usiseme wewe ni Mnyarwanda. Sema ni Muha wa Kasulu."

"Muha ni nini?" Sangwa akauliza.

Mjomba wake Cyprian, mdogo wake Eustadia, alicheka mpaka kondakta akageuka. "Dada, wewe umembeba Mama mzima kwenye mkoba."

Mama yao, Gahongayire, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Ndiye aliyewalea ukimbizini huko Mpanda, ndani ya Tanzania, na onyo lile lilikuwa lake, kwa kuwa lugha ya Waha wa Tanzania inafanana na Kinyarwanda. Tangu wahamie Kigali hawakuwahi kurudi. Sasa walikuwa wanakwenda kumwonyesha mtoto walikozaliwa.

Treni waliipanda Tabora. Kulipokucha walikuwa ndani ya miombo, majani mapya mekundu kama kutu, mizinga ya nyuki ya magome imening'inia juu ya miti, na ukungu umelala chini kwenye mbuga. Sangwa aliganda dirishani. Eustadia naye alisahau kuogopa. Aliiona tena akilini khanga ya mama yake iliyokuwa ikitandikwa chini ya benchi ili watoto walale. Aliusikia mkono wake ukimfunga mdomo kila alipojisahau akaongea Kinyarwanda mbele ya abiria. Siku hizo kulikuwa na maneno ya kufukuza wageni, na mama hakutaka kujulikana.

Ndipo akamtazama Cyprian, na utamu wote ukamkauka mdomoni.

Cyprian alikuwa wa miaka mitano, kwenye njia hii hii, aliposhuka kwenda kujisaidia na treni ikamwacha. Stesheni masta akamuuliza yeye ni wa nani. Mtoto akajibu alivyofundishwa: Muha wa Kasulu. Watu wema wale wakampandisha treni ya Kigoma, wakampeleka Uha kwa "watu wake". Masika yote mama yao alizunguka akiuliza kijiji kwa kijiji, na alipompata alikuwa amekonda kuliko mtoto.

"Unaniangalia hivyo kwa nini?" Cyprian akasema. "Mimi kule nilinenepa. Walinipa samaki kila siku, migebuka mitupu."

"Nyamaza. Sangwa yuko wapi?"

Nafasi ya dirishani ilikuwa tupu. Treni ilikuwa imesimama kwenye kistesheni kimoja katikati ya msitu, wauza asali wakapita, na sasa ilikuwa imeondoka na kushika mwendo.

Eustadia alipita mabehewa akimwita mwanawe hadi sauti ikakauka. Hakuwepo chooni, hakuwepo kwenye behewa la chakula. Alipofika kwa mkaguzi wa tiketi akakaa sakafuni kati ya magunia.

"Mtoto wangu ameachwa. Na mimi ndiye niliyemwambia aseme ni Muha."

Mkaguzi hakuelewa. Cyprian, aliyemfuata nyuma, alielewa, na kwa mara ya kwanza katika safari ile hakuwa na utani.

"Jina la mtoto, mama?" mkaguzi akauliza huku akitoa simu.

Eustadia aliukumbuka mkono wa mama yake mdomoni. Akisema Sangwa, watajua ni Wanyarwanda. Akiacha kusema, hatampata. "Sangwa," akasema mwisho. "Mnyarwanda. Wa Kigali."

Mkaguzi akapiga simu kistesheni walichotoka, akasikiliza, kisha akaanza kutabasamu. Akaweka sauti ya nje ili wote wasikie.

"Ninaye hapa kwenye dirisha la tiketi," alisema stesheni masta. "Hata sijamuuliza kitu. Anasema, mimi iko Sangwa wa Kimironko, Kigali, mama yangu ni Eustadia, bibi yangu ni Gahongayire, na mjomba yangu iko na shati ya njano mbaya sana. Anasema tena mumtulize mama, yeye ndiye anayelia haraka."

Behewa zima likacheka. Cyprian akalitazama shati lake.

"Nimempakia kwenye pikipiki ya kijana wangu," sauti ikaendelea. "Ninyi mnangoja kupisha treni ya mizigo kituo kinachofuata. Atawakuta."

Walingoja. Treni ya mizigo ilipita na kuisha, na mkaguzi akamwomba dereva asiondoke kwanza. Eustadia alisimama jukwaani, macho kwenye kijia cha msituni. Pikipiki ikatokea kati ya miti, Sangwa juu yake, vumbi mpaka kwenye kope, dumu la asali mapajani.

Eustadia alimkamata, akamshika kichwa, masikio, mikono, kama anayekagua kitu alichonunua.

"Nilikukataza kushuka."

"Ndiyo, Mama. Asari ilikuwa nzuri."

"Na Muha wa Kasulu?"

"Nilisahau yule mtu anaitwa nani. Nikasema tu mimi."

"Kwa Kiswahili hicho," Cyprian akasema, "nani angekuamini wewe Muha?"

Kutoka dirishani bibi mmoja akauliza, "Kwani ninyi ni watu wa wapi?"

Cyprian alimtazama dada yake. Miaka yote kwenye reli hii swali hilo lilijibiwa na mama yao, kwa uongo, macho chini. Eustadia akamshika Sangwa mkono, akainua kichwa mabehewa yote yamsikie.

"Sisi ni Wanyarwanda. Mimi ni Eustadia wa Gahongayire, nimezaliwa hapo mbele, na huyu ni mwanangu."

"Basi karibuni nyumbani," bibi akasema, akasogea kwenye kiti. "Na hiyo asali mje nayo huku."