Kadi Haikuingia Maji

Mtaa mzima unaniita Haishindikani. Sikujipa jina hilo. Nimelitolea jasho miaka kumi na minane kwenye kibanda hiki, nikifufua simu zilizotumbukia chooni na kompyuta zilizokaliwa na watu wazito. Kwa hiyo mtu akija akaniuliza, "Fundi, utaweza kweli, au nimpelekee yule wa ng'ambo ya barabara?" damu inanichemka. Yule wa ng'ambo! Juzi tu alikuwa anauza chaja.

Mama yule aliniuliza hivyohivyo. Alikuwa amefunga memori kadi ndani ya kitambaa, akaifungua mezani pangu. Mwanawe wa miaka minne alikuwa amefariki wiki tatu nyuma. Simu ya mama ilikuwa imekufa, na video zote za mtoto zilikuwa kwenye kadi hiyo tu.

"Kuna moja anahesabu hadi kumi, anaruka saba," aliniambia. "Nataka hiyo tu, fundi. Sauti yake imeanza kunipotea."

"Mama, kaa. Hapa umefika."

Niliitia kadi kwenye kadi rida yangu, kile kidude cha kusomea kadi, nikakichomeka kwenye kompyuta. Kompyuta ikagoma. Ikaniuliza kama nataka kuifomati kadi, yaani kuifuta yote ianze upya. Hapo fundi mwenye akili huchomoa. Lakini mama alikuwa hajakaa, amesimama nyuma yangu, akasema, "Naona inakataa. Labda yule mwenzako ana mashine mpya."

Mwenzangu! Nikabonyeza ndiyo, ili tu aone kitu kinakwenda. Liwalo na liwe.

Ikazunguka, ikazunguka, halafu ikasema imeshindwa katikati, na imeshaanza kufuta. Ndipo nikaitazama kadi yenyewe, jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. GB sitini na nne. Kadi rida yangu ya zamani, mwisho wake kusoma thelathini na mbili. Kadi ililetwa nzima kabisa, mgonjwa alikuwa kidude changu.

Nilijua pia kwamba kilichofutwa namna ile mara nyingi hurudishwa na mtu mwenye vifaa. Mtu huyo alikuwa ng'ambo ya barabara, na angejua kwa dakika moja nani aliyefuta. Mtaa mzima ungejua kabla ya jioni.

"Nirudishie niende kwake," mama akasema.

"Subiri niisafishe kwanza."

Nikampa mgongo. Nikaishika kwa koleo, nikakohoa kwa nguvu, nikaipinda. Ililia ka! Nikajikaza kisabuni, nikamgeukia na kumwonyesha ufa.

"Imeshakufa hii, mama. Tazama, imevimba mpaka ikapasuka."

"Imevimba na nini? Na maji?" Akaweka mkono kifuani. "Niliisahau mfukoni mwa gauni. Mdogo wangu alilifua. Aliniapia aliitoa kabla hajaloweka."

"Watu huapa," nikasema. "Hii iliingia maji."

Hakulia. Aliifunga tena kwenye kitambaa, akaondoka bila kuaga.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu mbona ilinyooka? Wateja waliendelea kuja. Nikanunua kadi rida mpya. Nikasikia mama amemfukuza mdogo wake, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, na hapokei simu zake. Kila asubuhi niliwaza kwenda kusema ukweli, na kila asubuhi mtu alipita akaniamkia, "Haishindikani!" nikakaa.

Mwezi wa pili baada ya hapo, mdogo mtu mwenyewe akaja. Amekonda, macho mekundu.

"Kaka, nisaidie. Niliitoa kadi ikiwa kavu, nikaiweka dirishani. Mwambie dada huenda ni kitu kingine. Wewe atakusikia."

"Una hakika ilikuwa kavu?"

Niliuliza ili nipate muda tu.

"Nilikuwa na hakika," alisema polepole. "Sasa hata sijui. Nimeulizwa mno. Nikifumba macho naiona ndani ya beseni, kwenye povu, naiokota, naipangusa na gauni." Akaanza kulia. "Labda ni mimi kweli, kaka. Labda niliogopa nikajidanganya."

Ukweli ulikuwa mdomoni mwangu, walahi, nilikuwa nauonja. Nje mtu alikuwa ananisubiri na kompyuta kwapani. Nikaumeza.

"Ndivyo kumbukumbu inavyorudi, mdogo wangu," nikamwambia. "Kidogo kidogo. Nenda kakiri, utue mzigo."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru, akaenda kumwambia dada yake kwamba ni yeye.