Mteremsheni Tena

“Mteremsheni tena kidogo,” nilisema, na watu wakanitii.

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Ukiwa na kamera begani pale machimbo ya Mwakitolyo, ulisikilizwa kuliko mtendaji wa kijiji. Maduhu, aliyekuwa akisimamia kamba, alinikazia macho kwanza, akasema huyu mtu ametoka kukaa siku tatu chini ya kifusi na ana kiu. Nikamjibu kwamba ni hatua tatu tu, si mpaka chini. Makoye mwenyewe, macho ameyafumba kwa ukali wa jua, aliitikia kwa kichwa. Basi wakamrudisha kwenye shimo walilotoka kumtoa.

Televisheni yetu ilizaliwa dukani. Maige, mwenye mali, alikuwa akiuza madishi na kuvuta nyaya nyumba kwa nyumba pale Nyahanga, Kahama, ili watu watazame mpira. Siku moja akagundua kuwa kwenye nyaya zake kuna chaneli iliyokaa bure, akaijaza mikanda ya harusi. Watu wakaacha mpira, wakawa wanatazama harusi za majirani na kuhesabu nani hakualikwa. Mwaka uliofuata tukaanza taarifa ya habari, iliyosomwa stoo mbele ya shuka la bluu, na ilibidi tumwombe jirani azime mashine yake ya kukoboa mpunga kwa dakika kumi na tano. Maige akaipa jina Mhola, yaani salama, neno ambalo Msukuma hukupa hata kabla ya kukupa kiti.

Mimi nilitokea Ushirombo, fundi wa kupiga picha za harusi, na ufundi wangu niliuleta na tabia zake. Harusini, picha ikikosekana, unasema tu: rudieni. Rudieni kulishana keki, rudieni kuvishana pete. Bwana harusi anacheka, bibi harusi anafungua tena mdomo, na hakuna aliyewahi kuninunia. Miaka sita nilifanya kazi hiyo, na sikuwahi kufikiria kwamba kuna kitu duniani kisichorudiwa.

Duara la akina Makoye, yaani shimo lao la dhahabu, liliporomoka mwaka 2013. Wenzake wawili walitolewa siku ile ile wakiwa wamekufa. Yeye alisikika akigonga matimba, zile nguzo zinazozuia kuta za shimo, na kwa siku tatu watu walichimba wakiifuata sauti hiyo. Mama yake, Limi, aliketi ukingoni muda wote huo. Hakulia, hakula, na nilipomsogezea kipaza sauti alikitazama kisha akatazama pembeni.

Siku ya tatu, saa kumi alasiri, kamba ilikaza. Nilikuwa nimepiga goti hatua mbili kutoka kwa mama huyo. Kamera zile zilikuwa na kitufe kimoja: ukibonyeza inarekodi, ukibonyeza tena inasimama. Kwa pupa yangu nilibonyeza mara mbili. Makoye alipoibuka, mama yake alimvuta, akakishika kichwa chake kwa mikono miwili, akamwinamia sikioni. Hapo ndipo nilipoona taa nyekundu haiwaki. Macho yangu na akili yangu vyote vikaenda kwenye taa. Nilisikia neno moja tu, ng'wanone, mwanangu, na mengine yakanipita. Taa ilipowaka, Limi alikuwa ameshamaliza na anajifuta tope midomoni.

Wala sikutetereka. Nilisema mteremsheni tena, kama ambavyo ningeomba keki ikatwe upya. Limi ndiye aliyeshangaa. Akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, “Lakini nimeshampokea.” Nikamwambia ampokee tena, na mara hii aseme kwa Kiswahili ili nchi nzima isikie. Akaniuliza aseme nini, maana alinichukulia kuwa mtu anayejua. Nikamtungia papo hapo: sema, karibu tena duniani, mwanangu. Akasema. Alisema vizuri sana, akiangalia kamera, na Makoye akaondolewa kwenda hospitali.

Kipande kile ndicho kilichotujenga. Vituo vya Dar es Salaam vilikiomba, na kila mara jina letu likawa pembeni ya picha. Maige aliyachapa maneno yale kwenye kalenda, wahubiri wakayatumia, na mimi nikapewa ngao ambayo mpaka leo iko juu ya kabati la ofisi. Tulikiweka mwanzoni mwa taarifa ya habari ya saa mbili, kabla ya muziki, na kikabaki hapo. Kwa miaka kumi na miwili, kila siku, Limi amempokea mwanawe mbele ya Kahama nzima kwa maneno yangu. Watu waliponisifu nilisema ni bahati, kamera ilikuwa tayari.

Februari mwaka huu Makoye alifariki. Kifua kilimsumbua miaka mingi kwa vumbi la mawe. Nilituma vijana waende mazikoni na kamera. Mwenyewe sikwenda, nikasema nina kikao.

Aprili, mchana mmoja, nilikuwa na Blessing, mtayarishaji wetu wa vipindi. Alikuwa akinihimiza niandike historia ya kituo kwa ajili ya sherehe ya miaka kumi na mitano, na alitaka nianze na siku ile ya Mwakitolyo. Mlinzi akaingia kusema kuna mama mmoja mapokezi, amekataa kutaja shida yake. Nilitoka, nikamtambua Limi kabla hajageuka. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama,” akaitikia, nikampeleka chumba cha kuhariria, maana kule ndiko kulikokuwa na utulivu. Hakuzungusha maneno.

“Baba, wewe ulikuwa karibu yangu siku ile,” alisema. “Mara ya kwanza nilimwambia nini?”

Nikajifanya sijaelewa. Akanieleza polepole. Kwamba yale maneno ameyasaka usiku na mchana. Kwamba kila akiyatafuta, inakuja ile ya kwenye runinga, na ameiona mara nyingi mno, mpaka ile nyingine imefutika. Kwamba wakati jeneza linashushwa aliinama, akitaka kumwambia mwanawe neno lile lile alilompokea nalo.

“Yakaja ya kwako,” alisema. “Mwanangu anaingia ardhini, mimi namwambia karibu tena duniani. Watu wakaitikia amina.”

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Ilinishika masikioni, ikashuka mpaka mikononi, nikawa sijui pa kuiweka mikono. Nilimwambia nililosikia ni ng'wanone tu.

“Hilo najua. Baada ya ng'wanone?”

Ningeweza kumtungia. Nilishamtungia mara moja, tena kwa sekunde chache, na sasa nilikuwa na muda. Angeondoka ameridhika, mimi ningerudi kwa Blessing. Neno lilifika kabisa mdomoni. Lakini lilikuwa la Kiswahili, na mimi Kisukuma changu ni cha sokoni. Nikalimeza.

Mkanda halisi ninao. Nilitoa sanduku, nikafuta vumbi, nikauweka kwenye mashine ya zamani, nikamkaribisha kiti karibu na spika. Mara ya mwisho kuutazama nilikuwa peke yangu, miaka mingi nyuma, kwa hiyo nilijua kilichomo. Sijui nilitarajia nini. Ikaja ardhi nyekundu, viatu vyangu, vigelegele vya wanawake, kisha sauti ya mwanamume, kijana, yenye uhakika: “Mteremsheni tena kidogo.”

Limi akainua mkono. Nikasimamisha.

“Hiyo ni sauti yako.”

“Ndiyo, mama.”

“Basi nilikuwa nimeshamaliza kusema,” alisema.

Hakulaumu. Alitazama viatu vyangu vilivyoganda kwenye kioo, kisha akajifunga kitenge vizuri, akaomba aonyeshwe mlango, kwa kuwa humo ndani vyumba vinafanana. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kumwomba radhi, na kila nilipoanza nikajikuta namuuliza habari za mvua. Alinijibu kwa adabu kwamba mwaka huu si mbaya.

Niliporudi nilimwambia Blessing akiondoe kipande kile kwenye ufunguzi wa habari, kuanzia jioni hiyo. Alishtuka. Akasema hicho ndicho kituo chenyewe, watu watapiga simu, tuwaambie nini?

Nilimwambia picha imechakaa.