Mlango wa Uani

Kwa siku tano mfululizo, binti wa kaka yake fundi cherehani alikaa kwenye kiti cha kukunja ng'ambo ya barabara, akiwatazama wapita njia na kuchora vijistari vya penseli daftarini. Alikuwa msanifu majengo. Ofisi yake ilikuwa imepewa kazi ya kusanifu kituo kikuu cha mabasi na treni mahali pa stendi ya zamani, na mtaa mzima ulikuwa umeahidiwa kwamba utafufuka. Fundi, aliyeshona katika chumba kile kile kwa miaka ishirini na miwili, alizijua ahadi za namna hiyo: kwanza huja mtu mwenye daftari, kisha mtu mwenye kopo la rangi nyekundu ya kutia alama ukutani, mwisho tingatinga.

"Anahesabu nini?" kinyozi wa jirani alikuwa amemwuliza siku ya kwanza, akikung'uta taulo.

"Anasema anahesabu miguu."

"Miguu! Dada, kikulacho ki nguoni mwako, na wewe nguo ndiyo kazi yako."

Wakakata shauri kwamba penye watu wengi ndipo barabara itakapopanuliwa, na vyumba vyao kubomolewa. Dawa ilikuwa moja: mtaa uonekane hauna watu. Tangu saa hiyo walifunga milango ya mbele, wateja wakaelekezwa kupitia uani, kwenye kichochoro kisichoonekana kutoka barabarani.

Jioni ya siku ya tano msanifu aliingia, akatandaza mchoro juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Chumba chako hakiguswi, shangazi. Hakuna kinachobomolewa upande huu."

Fundi hakufurahi, alisubiri sehemu ya pili. "Na huu mstari mnene?"

"Ukuta wa kituo. Mita nne kwenda juu."

"Mbele ya mlango wangu?"

"Lango kuu linafuata miguu, nasi tumeliweka upande wa pili wa kituo, kwenye ghala. Huku, kwa siku tano, nimeona watu tisa tu wakiingia kwako."

Fundi alimkazia macho, akitafuta kama huo nao ulikuwa mtego. Usoni mwa msanifu hakuona ila uchovu. Nyuma ya ukuta wa mita nne, nani angekumbuka kwamba kuna mtu anashona?

"Hesabu yako ina kasoro," alisema hatimaye. "Wateja wamepita uani. Tuliwaelekeza sisi."

Msanifu aliweka penseli chini. "Siku ya kwanza nilikuuliza kama kuna mlango mwingine. Ukanijibu uani kuna kuku tu."

"Kuku wapo."

"Sasa nitajuaje kwamba leo ndiyo unasema kweli?"

Swali hilo hilo fundi alikuwa amejiuliza juu ya msanifu kwa siku tano. Alivuta mtoto wa meza, akatoa daftari la vipimo: kila mteja, tarehe aliyofika, bega, kifua, kiuno. Hakuwahi kumwonyesha mtu. "Kiuno cha kinyozi kimo humu," alionya. "Mkewe anadhani amekonda."

Msanifu alipitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa. Kwa siku zile tano walikuwamo watu mia moja na kumi na mmoja.

"Nitaondoka nalo. Mchoro unawasilishwa keshokutwa. Kesho nitahesabu upya, milango ikiwa wazi. Lakini siahidi kitu."

Fundi hakuliachia daftari. "Kwanza andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba umelichukua leo na utalirudisha. Weka na sahihi."

"Shangazi! Mimi si damu yako?"

"Ndiyo maana nakupa. Sahihi ni kwa ajili ya ofisi yenu."

Msanifu akaandika. Fundi alikwenda uani, akaufunga mlango kwa ufunguo, akajaribu kitasa mara mbili.

Asubuhi milango ya mbele ilikuwa wazi kabisa. Kabla ya saa mbili, kinyozi alikuwa ameingia kwa fundi mara tatu, kila mara na kofia tofauti. Mara ya tatu fundi alimdaka mkono.

"Basi, mwanamume. Tumeshadanganya vya kutosha."

"Nakusaidia, dada!"

Fundi aliangalia ng'ambo ya barabara. Msanifu alikuwa ameinamia daftari lake, akifuta vijistari viwili.