Njugu Mawe kwenye Mwanga wa Bluu

Tekla aliomba konzi moja tu ya njugu mawe za kujaribia. Mama yake, Advera wa Goweko, akampa kibaba kizima, mbegu yote iliyosalia baada ya jua la mwaka jana. Kumpa mtoto konzi moja, alisema, ni kumwambia kwamba simwamini.

Chuoni, Tabora mjini, Tekla alikuwa na bomba la kioo lililozungushiwa sumaku. Ndani alitia gesi kidogo, akaichoma kwa mawimbi ya redio mpaka ikawaka. Viwandani mwanga wa namna hiyo husafisha na kuchonga vitu vidogo sana. Yeye alitaka uue ukungu unaoozesha mbegu. Kwa muda mrefu bomba lilimnunia kwa mwanga hafifu wa waridi. Plazma ya helikoni, yaani gesi iliyowaka ikawa na moyo wa bluu na nguvu maradufu, aliiona kwenye picha za wenzake tu.

Siku moja akatia bombani kibaba chote cha njugu, maana mvua ilikwisha kuanza na haraka ilimzidi. Akaongeza umeme wa sumaku kidogo, na mwanga ukaruka ukawa bluu.

Leonadi, msaidizi wake wa maabara, alipiga makofi. Tekla alijua njugu zimo ndani, na kwamba nguvu ile ingeziunguza hadi kiini. Mkono ulikuwa kwenye swichi. Hakuzima. Acha niupime mwanga kwanza, alijiambia, kidogo tu. Mwanasayansi naye ana uroho wake.

Majuto ni mjukuu, lakini wa Tekla alizaliwa mwezi huohuo. Alifunga njugu chache kwenye kitambaa chenye maji, akawa anazifunua kila asubuhi. Zikaoza, hakuna iliyochipua. Wakubwa wa chuo walimpongeza, kiwanda cha vifungashio kikaomba kuja kuuona mwanga, na mama hakuacha kupiga simu: majirani wameshapanda, mbegu ziko wapi? Bado kidogo, mama, alijibu, na akajichukia.

Mwisho akapanda treni kwenda Goweko, kibaba mapajani. Alimkuta mama shambani, matuta yameshainuliwa.

"Shikamoo, mama. Mbegu zimekufa. Ningeweza kuzima, sikuzima."

Advera alichukua njugu moja, akaivunja kwa meno, akatazama ndani. Tekla alitamani atukanwe.

"Marahaba," alisema hatimaye, akampa jembe. "Kilichokufa hakiachwi juu ya ardhi. Chimba."